Msikubali kupigiwa Windows upya kabla ya kumuuliza paka

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na wasomaji wanaofuga paka na wakati huohuo wanategemea kompyuta kwa riziki: walimu wanaoandaa matokeo ya mitihani, wanafunzi wenye utafiti unaokaribia tarehe ya mwisho, wahasibu wanaojaza ritani za kodi, na vijana wa stesheneri ambao paka wa mtaa ameshajifanya mwenye duka. Sisi ni mafundi wa kompyuta. Mashine zinaletwa mezani kwa fundi na maelezo kwamba "kibodi imekufa" au "kioo kimepinduka", kumbe hakuna kilichokufa. Paka alilala juu yake, basi. Kinachotukera ni kwamba mwenye mashine huambiwa anunue kibodi mpya, au vibaya zaidi, "tuipige Windows upya", kazi inayoweza kufuta picha, barua na hesabu zake zote, wakati dawa ilikuwa vitufe viwili.

Tuanze na hiyo kibodi iliyokufa. Kwenye Windows, ukishikilia Shift ya mkono wa kulia kwa sekunde 8 mfululizo, unaamsha Filter Keys, huduma iliyotengenezwa kwa watu wanaotetemeka mikono. Ikishawaka, kompyuta inapuuza mguso mfupi. Inataka kitufe kibonyezwe na kushikiliwa. Anayeandika kwa mwendo wa kawaida haoni herufi hata moja. Ni kweli kwamba Windows huuliza kwanza kama unaitaka huduma hiyo, lakini paka aliyejilaza juu ya kibodi ana miguu mingine mitatu ya kujibia. Tiba: shikilia Shift ileile ya kulia sekunde 8 tena, zihesabu, usiiachie mapema.

Huduma nyingine ya jamii hiyo, Sticky Keys, huamshwa kwa kubonyeza Shift mara 5 mfululizo, jambo ambalo paka anayekanda kwa kucha kabla ya kulala hulifanya bila kujua. Hapo Ctrl au Alt ukiigusa mara moja inabaki kama imeshikiliwa, na herufi inayofuata inageuka amri: unaandika p, linafunguka dirisha la kuchapa. Bonyeza Shift na Ctrl kwa pamoja, itazimika. Kufunga mlango wenyewe usifunguke tena, ingia Settings, kisha Accessibility, kisha Keyboard, uondoe njia za mkato za huduma hizo zote. Ni kazi ya dakika moja, na kwa nyumba yenye paka tunaiona ni ya lazima kuliko hata kuweka picha ya ukutani.

Kioo kilichopinduka miguu juu hutokea zaidi kwenye laptopu za zamani zenye michoro ya Intel, ambako Ctrl, Alt na mshale wa chini huzungusha picha. Rudisha kwa Ctrl, Alt na mshale wa juu. Kama haikubali, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini ya mwanzo, fungua Display settings, na pale penye Display orientation chagua Landscape. Utahangaika kidogo kwa sababu kipanya nacho kitakuwa kinakwenda kinyume. Geuza laptopu yenyewe juu chini ufanye hivyo; si ushamba, ndivyo wengi wetu tunavyofanya.

Rangi zikigeuka nyeusi na maandishi kung'aa, kuna aliyekanyaga Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen pamoja. Bonyeza hizohizo tena. Kila kitu kikiwa kikubwa na skrini inakimbia kufuata kipanya, ni kikuzi: kitufe cha Windows (chenye alama ya dirisha) na Esc kukifunga. Sauti ya mtu ikianza kusoma kila unachogusa, ni Windows, Ctrl na Enter. Ukurasa wa intaneti umekuwa na maandishi makubwa kama ya bango? Ctrl na sifuri.

Kuna watu wanaonunua bando jipya kwa sababu ya paka. Laptopu nyingi zina kitufe chenye alama ya eropleni kwenye mstari wa juu kabisa, pale pale paka anapopitia akielekea dirishani. Akikigusa, Wi-Fi inakatika na modemu inasingiziwa. Kwenye mstari huohuo mara nyingi kuna kitufe chenye mchoro wa kile kibao cha kuchezeshea kidole: kikibonyezwa, kibao kinazimika na mtu anaambiwa abadilishiwe. Angalieni mstari huo wa juu kabla ya kutoa hela.

Sasa matatizo mawili yanayowazungusha watu vichwa kwa sababu mashine inaonekana nzima kabisa. La kwanza: nywila inakataliwa. Kwenye laptopu ndogo zisizo na fungu la namba upande wa kulia, Num Lock ikiwaka, U, I na O zinaandika 4, 5 na 6, J, K na L zinaandika 1, 2 na 3, na M inaandika 0. Ukiandika nywila unaona vidoti tu, hujui kwamba nusu yake ni tarakimu. Andika kwanza jina lako mahali panapoonekana ndipo uhukumu. La pili: alama ya @ imepotea, ukiibonyeza inatoka alama ya kunukuu. Hiyo ni tofauti ya kibodi ya Marekani na ya Uingereza; zote mbili ziko madukani kwetu, na kompyuta nyingi zimewekewa mipangilio yote miwili. Windows na kitufe cha nafasi, au Alt na Shift, hubadilisha kutoka mmoja kwenda mwingine. Rudia kubonyeza mpaka @ irudi, kisha ufute ule usioutumia kwenye mipangilio ya lugha, ili paka asiwe na cha kubadilisha. Wahasibu tuwaongezee hili: kwenye Excel, mishale ikisogeza karatasi nzima badala ya seli, ni Scroll Lock, na kama kibodi yako haina kitufe hicho fungua kibodi ya kwenye skrini ukakizimie huko.

Mtu atauliza, basi nitajuaje kama ni mpangilio au kibodi imeharibika kweli? Kuna majaribio mawili, na fundi yeyote anayekataa kukufanyia mbele ya macho yako mtilie shaka. Zima mashine, iwashe, uingie kwenye mipangilio ya ndani kabla Windows haijaamka; Dell hutumia F2, HP hutumia F10, nyingine Delete. Huko mipangilio ya Windows haina nguvu. Mishale na Enter zikifanya kazi, kibodi yako i hai. Jaribio la pili ni kuchomeka kibodi ya nje ya USB. Ya nje ikiandika vizuri na ya ndani ikakataa, tatizo liko kwenye kibodi ya ndani. Zote mbili zikifanya kituko kilekile, ni mpangilio, na hupaswi kununua kitu.

Kuhusu kazi iliyofutika: paka akikanyaga Ctrl na A halafu herufi yoyote, kurasa 40 zinageuka herufi moja. Usifunge programu. Usihifadhi. Bonyeza Ctrl na Z mpaka zirudi. Hasara kubwa hutokana na hofu, mtu anafunga haraka na akiulizwa kama ahifadhi anajibu ndiyo. Word, ikiachwa ilivyokuja, huweka nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Ingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi uifanye dakika 1. Gmail inakupa sekunde 5 za kurudisha barua iliyotumwa, na mipangilio inaruhusu hadi 30, weka 30. Kurasa za intaneti zilizofungwa kwa bahati mbaya hurudi kwa Ctrl, Shift na T.

Dawa kuu ni kufunga skrini kila unapoinuka, hata kama ni kwenda kuitikia hodi tu: Windows na L, au kwa watumiaji wa Mac, Control, Command na Q. Paka atakanyaga apendavyo bila kugusa faili. Atakachoweza ni kujaribu nywila. Akikosea PIN mara kadhaa, Windows itakutaka uandike A1B2C3 kabla ya kukupa nafasi nyingine. Wasomaji wengi hudhani wamevamiwa na wadukuzi wakiona hivyo. Kwenye matoleo mapya ya Windows 11, nywila ikikosewa mara 10 akaunti hujifunga kwa dakika 10. Kanywe chai, urudi. Hapo ndipo fundi asiye na subira husema Windows imekufa.

Zipo pia programu zinazojitolea kutambua mguu wa paka. Ya kale inayojulikana ni PawSense ya Chris Niswander wa Tucson, Arizona, iliyopewa tuzo ya kuchekesha ya Ig Nobel mwaka 2000: ikiona vitufe vinabonyezwa kwa mtindo wa paka hufunga kibodi na kutoa sauti zinazomkera mnyama. Wazo zuri, ila Windows na L ni bure.

Upande wa mashine yenyewe, adui ni manyoya. Laptopu huvuta hewa kwa chini na kuitoa ubavuni au nyuma. Unyoya unaingia, unapita kwenye feni, unakwama kwenye vile vibati vyembamba vya kupoozea, na baada ya miezi unakuwa kama zulia. Hewa haipiti, prosesa inakaribia nyuzi 100 za Selsiasi, inajipunguza kasi ili isiungue, na mwishowe mashine inazimika yenyewe katikati ya kazi. Wengi huchukua blowa na kupuliza kutoka nje kupitia matundu ya kutolea hewa. Msifanye hivyo. Zulia liko upande wa ndani, kati ya vibati na feni. Ukipuliza kutoka nje unalirudisha kwenye feni, linajisokota kwenye mhimili, na kesho yake feni inalia.

Njia sahihi ni kufungua. Chomoa chaja, zima kabisa, ondoa skrubu za chini kwa bisibisi ya nyota ndogo, kwa kawaida namba 0, na uzipange kwa mfuatano wake kwenye karatasi, maana urefu haulingani na skrubu ndefu ikiwekwa pa fupi hutoboa juu. Kabla ya kugusa kingine, chomoa waya wa betri. Feni nyingi zimeshikwa na skrubu chache tu. Itoe, libandue zulia kwa mkono au kwa kibanio, ndipo upulize. Ukipuliza zuia mapanga kwa kijiti cha meno. Yakizungushwa kwa kasi ya blowa hulegeza mhimili. Ukilazimika kung'oa mtambo wote wa kupoozea, basi pesti ya kupitishia joto ibadilishwe, kiasi cha punje ya dengu tu. Kwa nyumba yenye paka tunashauri kila miezi 6; wenye paka wa manyoya marefu, kila miezi 3 au 4. Usitumie mashine ya kunyonya vumbi ya nyumbani, huzalisha umeme tuli.

Paka kulala juu ya laptopu iliyofungwa kunaonekana hakuna ubaya. Paka mzima ana kilo 3 hadi 5, na anatua kwa kuruka. Kioo kinagandamizwa juu ya vitufe, na baada ya muda yanatokea madoa meupe, au ufa. Kama umeiachia ikafanya kazi ikiwa imefunikwa, inaungua kwa joto pia. Itieni kwenye droo au mkoba.

Chai ya maziwa ikimwagika kwa mkia wa paka, mpangilio ni huu, na haraka ndiyo kila kitu. Zima soketi ukutani, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime, kama sekunde 10. Ifungue ukiiinamisha kama hema, kibodi ikitazama chini, ili chai itoke ilikoingilia. Usiiwashe "kuona kama inakubali". Hapo ndipo mashine nyingi hufa. Mchele hausaidii, unaongeza vumbi. Kikaushia nywele kinasukuma maji ndani na kulainisha plastiki. Ipelekeni kwa fundi siku hiyohiyo, kwa sababu hata ikiwa imezimwa, betri bado inapeleka umeme kwenye ubao, na umeme ukikutana na sukari na maziwa shaba inaanza kulika. Fundi atoe betri, asugue ubao kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, aache ukauke kabisa. Kibodi ya laptopu iliyokunywa chai mara nyingi haiponi. Hiyo kweli ibadilishwe, na hapo hatutabishana na fundi.

Mkojo ni mbaya kuliko chai, una chumvi na unazalisha amonia. Dume asiyehasiwa hupiga mkojo kwenye vitu vilivyosimama wima, na kasha la kompyuta ya mezani lililo sakafuni humfaa mno. Matundu ya nyuma yanaongoza moja kwa moja kwenye pawasaplai, kifaa kinachoipa kompyuta umeme. Likilowa, zima ukutani kwanza, usiguse kasha. Kuhasi, kuanzia umri wa miezi 5 au 6, hupunguza tabia hiyo sana, na kasha lipandishwe juu ya meza. Likipandishwa, kitufe cha kuwashia kinakuwa njiani mwa paka. Kwenye mipangilio ya umeme agiza kwamba kikibonyezwa kisifanye lolote. Ekstensheni yenye swichi inayowaka taa nayo igeuzwe, ifungwe kwa skrubu chini ya ubao wa meza.

Tukija kwa paka mwenyewe, wengi husema anafanya kwa makusudi. Hana makusudi na Excel yako. Mwili wake una nyuzi 38 hadi 39, na hali ya hewa anayoona raha bila kutumia nguvu kujipasha ni nyuzi 30 hadi 38. Kwa hiyo hata usiku wa Tanga au Mombasa wa nyuzi 25, unaotutoa sisi jasho, kwake ni ubaridi kidogo. Ndani ya chumba chenye kiyoyozi, laptopu ndiyo mahali pa joto kuliko pote, na juu yake kuna mikono na macho yako. Ukimsukuma huku ukimsemesha, umempa alichokuja kutafuta.

Mpe mahali pake palepale mezani. Boksi la katoni la sentimita 40 kwa 30, kingo za sentimita 10 hivi, ndani kipande cha fulana uliyokwisha kuivaa, liwe upande usio na kipanya. Kwenye kiyoyozi tia chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa taulo. Kabla ya kuanza kazi mchezeshe dakika 10 hadi 15 kwa kamba, kisha mlishe. Paka aliyewinda na kula hulala. Akija kwenye kibodi, mnyanyue kimya umweke bokisini, bila ukali na bila maneno, na kila mtu wa nyumbani afanye vivyo hivyo. Mkikubali mara moja kwa kumi, atajaribu mara kumi. Mafuta ya limau, pilipili na manukato visipakwe mezani: mafuta hayo ni sumu kwa paka, na pilipili itaishia machoni mwako. Na tafadhali, msimwekee video za ndege kwenye skrini halafu mkalalamika kwamba anakwaruza kioo.

Kinachobaki ni nyaya, na hapa hatufanyi mzaha. Watoto wa paka hubadilisha meno kati ya miezi 3 na 6 na hutafuna chochote. Waya mwembamba wa chaja unaokwenda kwenye laptopu una volti kama 19. Akiutafuna, chaja inapiga shoti na kufa. Ule wa upande wa soketi una volti 230, na huo unaua. Pitisheni nyaya ndani ya paipu ya plastiki ya fundi umeme, ya milimita 20, iliyopasuliwa kwa urefu wake. Waya ulioumwa usizungushiwe tepu. Ule wa upande wa soketi huchomoka kwenye chaja na huuzwa peke yake, nunueni mwingine.

Ukimkuta paka amenasa kwenye waya, usimguse. Zima soketi kwanza. Kama swichi haifikiki, zima swichi kuu ya nyumba. Akishaachiwa angalia kinywa: alama za kuungua huwa kwenye midomo na ulimi. Hata akiamka na kutembea kana kwamba hakuna lililotokea, mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, maana mshtuko wa umeme unaweza kujaza maji kwenye mapafu saa kadhaa baadaye. Dalili ni kuhema haraka, kupumua kwa mdomo wazi na fizi kugeuka rangi ya buluu.

Mafundi wa kompyuta,
Ngamiani, Tanga